Wakikuomba maji ya mgongo

Katika sampuli zote zinazopita kwenye dirisha la maabara, hakuna inayochelewa kama maji ya uti wa mgongo. Damu inaletwa mchana na usiku. Mkojo na choo vinakuja hata bila kuitwa, na makohozi tumeyazoea. Maji ya mgongo yanafika mgonjwa akiwa ameshalala wodini, ameshamaliza dozi ya malaria, ameshabadilishiwa dripu, ndugu wameshatofautiana pale kwenye benchi la nje, na mara nyingi ameshachomwa sindano moja mbili za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kwenye duka la dawa la mtaani kabla hata ya kufika hospitali. Hapo ndipo fomu inaletwa ikiwa na neno “haraka” lililopigiwa mistari.

Mimi ni mtu wa maabara. Simtibu mgonjwa, simwandikii dawa, na mara nyingi hata sura yake siijui. Ninachokijua ni kichupa chake. Ila nimekaa upande ule wa dirisha muda wa kutosha kuona kwamba homa ya uti wa mgongo ina tabia yake: ili itambulike kwa uhakika, lazima familia ikubali jambo inaloliogopa. Malaria haina shida hiyo, tone la damu kidoleni linatosha. Huku mgonjwa anatakiwa achomwe sindano mgongoni, na anayeombwa kukubali ni mtu aliyekesha, mwenye hofu, anayeelezwa haraka haraka koridoni. Ndiyo maana naandika haya sasa, wakati hakuna mtu wako aliyelala wodini, ili uyasome kwa utulivu.

Kwanza benchi lenyewe. Daktari anatoka na karatasi ya ridhaa. Mama wa mtoto yupo, lakini hataki kuamua peke yake. Baba yuko machimboni na simu yake inaita tu. Bibi anasema wasubiri kupambazuke. Baba mdogo, aliyekuja na bodaboda, amesikia kwamba fulani wa mtaa wa pili alitobolewa mgongo akafa. Na kweli alikufa. Hapo ndipo penye ugumu, maana hasemi uongo. Kwa miaka mingi sindano hii imekuwa ikichomwa mwishoni, baada ya kila kitu kingine kushindikana, kwa mgonjwa ambaye fahamu zimeshaanza kumtoka. Kesho yake anafariki, na kwa waliomuuguza, kitu cha mwisho alichofanyiwa ndicho kilichomuua. Ningekuwa kwenye benchi lile bila kujua ninachokijua, ningewaza hivyo hivyo.

Wapo wanaoogopa kupooza. Wapo akina mama waliojifungua kwa upasuaji, wakachomwa ganzi ya mgongo, na mpaka leo kiuno kikiuma wanailaumu sindano ile. Na wapo wazee waliokua wakisikia habari za mumiani. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza pale dirishani, kwa adabu kabisa, maji yale tukishayapima tunampelekea nani. Nilimwonyesha ndoo ya taka hatarishi. Alicheka, nami nikacheka, lakini alikuwa ameuliza kwa dhati na alistahili kujibiwa.

Tuanze na kupooza. Mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hushuka ndani ya mfupa wa mgongo, lakini haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo kunabaki vijishipa vyembamba vinavyoelea ndani ya maji, na sindano ikiingia vinasogea pembeni. Daktari hushika mifupa ya nyonga zote mbili, akavuta mstari wa kufikirika kati yake, na mstari huo hupita pingili ya nne. Anachoma hapo, au nafasi moja juu au chini yake. Kwa mtoto mchanga mshipa hushuka chini zaidi kidogo, kwa hiyo na sindano inashuka. Mahali panapochomwa, mshipa ule mkuu haupo.

Kuhusu kiasi: mtu mzima ana maji haya kama mililita 150 hivi, yakizunguka ubongo na mgongo, na mwili wake hutengeneza karibu nusu lita kila siku. Tunachohitaji kwa mtoto ni mililita mbili au tatu, nusu ya kijiko cha chai. Kwa mtu mzima ni zaidi kidogo, na yanarudi yote ndani ya saa moja. Maumivu ya kichwa baada ya kipimo yapo, sitaki kuwadanganya. Baadhi ya watu yanawasumbua siku kadhaa, zaidi wakisimama, na yakiwa makali yanahitaji daktari. Lakini hayo huisha.

Aliyeanzisha kazi hii alikuwa daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, aliyekuwa akifundisha mji wa Kiel. Mwaka 1891 alieleza jinsi ya kupitisha sindano kati ya pingili za kiuno, na alichokitafuta mwanzoni kilikuwa tiba: kupunguza maji yaliyokuwa yakikandamiza ubongo wa watoto. London, Walter Essex Wynter alikuwa akijaribu jambo la karibu na hilo miaka ileile, kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha ubongo. Ni baadaye ndipo watu walipotambua kwamba maji yenyewe yana habari. Miaka minne kabla ya Quincke, kule Vienna, Anton Weichselbaum alikuwa ameshawaona bakteria wa meningokokasi kwenye maji ya watu waliokufa. Sindano ikafanya waonekane kwa walio hai.

Sasa kichupa kimefika.

Jambo la kwanza ni kukitazama tu kwa macho. Maji ya mtu mzima wa afya ni safi, huwezi kuyatofautisha na ya kisima kizuri. Unashika kichupa mbele ya gazeti: ukisoma herufi bila shida, vizuri, zikififia, chembe nyeupe zimeshapita mia kadhaa kwa kila maikrolita. Yakiwa yamechafuka sana yanafanana na maji ya mchele, na hapo sihitaji hata darubini, nampigia daktari simu kabla sijakaa. Daktari mzuri huwa ameshayaona yakidondoka na ameshaanza dawa. Yakiwa na damu, natazama vichupa kwa mpangilio wake: kama cha kwanza ni chekundu na cha tatu kimeanza kuwa cheupe, sindano ilijeruhi kijishipa njiani. Kama vyote vina wekundu sawa, pengine damu imevuja huko juu kichwani, na hayo ni mambo mengine.

Kisha nahesabu. Kawaida chembe nyeupe hazizidi tano kwa maikrolita. Kwenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria ninakuta mamia, mara nyingi maelfu, na nyingi ni nyutrofili, zile zinazofanya usaha. Zikiwa limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, mawazo yanahamia kwenye kifua kikuu, virusi au fangasi. Hapa haraka ya fomu ina maana. Chembe hizi zikiachwa kwenye joto la chumba zinapasuka. Saa moja ikipita karibu theluthi ya nyutrofili imepotea, saa mbili zikipita karibu nusu. Kichupa kilichosahauliwa juu ya meza ya wodi wakati wa kubadilishana zamu kinaweza kunipa jibu la uongo kwa mgonjwa anayekufa. Kuna na wale wanaokiweka kwenye friji kwa nia njema. Tafadhali msifanye hivyo: meningokokasi na mwenzake Haemophilus, bakteria mwingine wa ugonjwa huu, hawavumilii baridi, ukiwaweka kwenye friji kesho hawataota.

Nachukua pia sukari na protini. Sukari ya maji ya mgongo huwa kama theluthi mbili ya ile ya damu, kwa hiyo namba moja haisemi kitu bila ya pili. Hili ni ombi kwa wenzangu wa wodini: mkitoa maji, mpimeni mgonjwa sukari ya damu wakati huohuo. Ikishuka chini ya asilimia 40 ya ile ya damu, na protini imepanda, bakteria wanashukiwa sana.

Halafu rangi ya Gram, mbinu ya Hans Christian Gram ya mwaka 1884 ambayo mpaka leo sijaona kitu rahisi kinachoizidi. Zambarau, ayodini, spiriti, kisha nyekundu, dakika chache tu na slaidi iko chini ya lenzi ya mafuta. Pneumokokasi, bakteria wa tatu wa ugonjwa huu, wanaonekana wawili wawili, wamechongoka kidogo, zambarau iliyokolea. Meningokokasi nao wawili wawili lakini wekundu, na mara nyingi wako ndani ya chembe nyeupe zilizowameza. Haemophilus ni vijiti vidogo vyekundu vya urefu usiolingana. Kuwaona kunasisimua, na huwa naona aibu kidogo ya msisimko huo, kwa kuwa mwenye slaidi yuko ukuta wa pili anatetemeka.

Kinachobaki kinapandwa kwenye agari, chakula cha kuoteshea bakteria: agari ya damu na agari ya chokoleti, ambayo haina chokoleti yoyote, ni damu iliyopashwa moto ikageuka kahawia. Sahani zinaingia kwenye mtungi, mshumaa unawashwa ndani, kifuniko kinafungwa, mshumaa unajizimia wenyewe na kuacha hewa yenye kaboni dioksidi ya kutosha kwa bakteria hawa wanaodeka. Siku moja au mbili baadaye, kama bahati iko upande wetu, tunajua jina lake na dawa anazoziogopa.

Bahati hiyo huharibiwa na duka la dawa. Utafiti mmoja wa watoto uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba baada ya sindano ya dawa za jamii ya seftriaksoni, meningokokasi anaweza kutoweka kwenye maji ndani ya saa mbili, na pneumokokasi huanza kutoweka kuanzia saa ya nne. Mtoto aliyechomwa jana kwa homa ya kawaida, leo akija na shingo imekakamaa, naweza nisioteshe kitu. Hata hivyo maji yake bado yana la kusema: chembe, protini na sukari havirudi sawa kwa siku moja. Kwa hiyo hoja ya “ameshachomwa dawa, hakuna haja ya kutoboa tena” haina uzito. Mwambieni tu daktari ukweli, dawa gani na saa ngapi. Hakuna atakayewafokea, na akifoka kosa ni lake.

Kitu kinachotupotosha zaidi hapa kwetu ni malaria. Mtoto ana homa, ametapika, amepata degedege, hajitambui. Kipimo cha malaria kinasoma chanya. Kila mtu anapumua, maana jibu limepatikana. Lakini maeneo yenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu huku kinachomuua ni kingine. Watafiti wa Blantyre, Malawi, waliwachunguza baada ya kifo watoto 31 waliokuwa wamesemekana wamekufa kwa malaria ya ubongo. Saba kati yao walikuwa na sababu nyingine ya kifo. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2004, na kilichosaidia kutofautisha wakati wa uhai kilikuwa kumulika nyuma ya jicho na kuangalia mabadiliko ambayo malaria huyaacha pale. Kilifi, Kenya, nako, mwaka 2001, walionyesha kwamba hospitali ya wilaya isiyo na maabara ya kueleweka inawakosa watoto wengi wenye homa ya uti wa mgongo, kwa sababu dalili pekee hazitoshi.

Na dalili ni dhaifu kweli. Vitabuni kuna alama ya Kernig, ya mwaka 1882, na ya Brudzinski, ya mwaka 1909: unamkunja mgonjwa shingo au goti na kuona anavyoitikia. Zikiwepo zinasaidia, lakini wagonjwa wengi wenye ugonjwa hawana hata moja. Mtoto mchanga ndiye hafuati kitabu kabisa. Shingo yake haikakamai, anaweza hata asiwe na homa. Anakataa ziwa, analegea, analia kilio kikali cha ajabu akishikwa, utosi umejaa. Kwenye pwani yetu, kuanzia Bagamoyo mpaka huko Tanga, degedege limepelekwa kwa waganga miaka na miaka, na kuna imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Siwacheki wenye imani hiyo. Naomba tu anayekwenda kwa mganga apitie hospitali kwanza.

Sasa niseme jambo ambalo litaonekana linapingana na yote niliyoyasema. Dawa isisubiri maji. Kama daktari anashuku ugonjwa huu na maji hayawezi kutolewa mara moja, kwa sababu yoyote ile, achome dawa. Lengo linalozungumzwa na miongozo mingi ni dawa ya kwanza ndani ya saa moja baada ya mgonjwa kufika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2025, ambao ndio wa kwanza wa dunia nzima kuhusu ugonjwa huu, unataka yote mawili: maji yatolewe mapema, kabla ya dawa ikiwezekana, lakini dawa isicheleweshwe kwa ajili ya maji. Familia inayokataa isidhani imezuia dawa, mgonjwa atapewa. Atakachokosa ni kujulikana anaumwa nini, atumie dawa siku ngapi, na kama dawa yenyewe ndiyo.

Kabla ya karne ya ishirini hakukuwa na cha kusubiri. Simon Flexner, kule Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alitengeneza dawa kutoka damu ya farasi na kuichoma humo humo mgongoni. Mwaka 1913 alichapisha habari za wagonjwa kama 1,300, na vifo vilishuka kutoka karibu wanane kwa kumi hadi karibu watatu. Fikiria: sindano inayoogopwa leo ndiyo iliyokuwa njia ya kuingizia tiba. Mwaka 1937 zikaja dawa za salfa, baadaye penisilini. Waliosomea kazi miaka ya nyuma wanakumbuka X-pen (penisilini ya sindano) na kloramfeniko, kila saa sita, usiku kucha, nesi mmoja na wodi nzima. Seftriaksoni iliondoa adha hiyo. Mtu mzima hupata gramu mbili kila saa 12, mtoto hupimiwa kwa kilo zake, mjamzito na mwenye umri mkubwa huongezewa ampisilini kwa ajili ya bakteria aitwaye Listeria. Mtoto mchanga ana mpango wake, kwa kawaida ampisilini na jentamaisini, kwa sababu seftriaksoni haimfai akiwa na manjano au akipewa kalsiamu kwenye mshipa.

Siku za dawa zinategemea nani kaonekana kwenye slaidi au sahani. Meningokokasi siku tano hadi saba, pneumokokasi kumi hadi 14, na bakteria wa matumboni kwa mtoto mchanga wiki tatu. Hapa ndipo nusu kijiko cha maji kinapolipa. Bila jina, daktari anatibu kwa kubahatisha: akikatisha mapema anaogopa, akirefusha anaijaza wodi na kuimaliza dawa.

Kuna suala la deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ambalo linanivutia kuliko yote, pengine kwa sababu linatuhusu. Bakteria wakifa wanapasuka, mwili unavimba kwa hasira, na uvimbe ule ndani ya fuvu ndio unaoharibu. Mwaka 2002 utafiti ulioongozwa kutoka Uholanzi, kwa watu wazima 301, ulionyesha kwamba deksamethasoni ikitolewa kabla au pamoja na dawa ya kwanza ilipunguza vifo. Kwa wenye pneumokokasi vilishuka kutoka asilimia 34 hadi 14. Dunia ikashangilia. Blantyre walikuwa wamejaribu kwa watoto 602, matokeo yakatoka mwaka huohuo wa 2002, na hakukuwa na tofauti. Wakajaribu kwa watu wazima 465, matokeo yakatoka 2007, hakukuwa na tofauti, na zaidi ya nusu walikufa pande zote mbili. Karibu wote walikuwa na virusi vya UKIMWI, na wengi walifika wakiwa wamechelewa. Wengine wanasoma matokeo haya kama kushindwa kwa dawa. Mimi nayasoma kama maelezo ya barabara, nauli, duka la dawa na benchi la nje: dawa inayotaka saa za mwanzo haiwezi kumsaidia mtu ambaye saa za mwanzo zilishapita akiwa nyumbani.

Wakati mwingine daktari mwenyewe hukataa kuchoma, na yuko sahihi. Mgonjwa ambaye upande mmoja wa mwili umelegea, ambaye mboni moja ya jicho imetanuka, ambaye anaendelea kuzama usingizini, huyo anaweza kuwa na jipu ndani ya ubongo. Ukitoa maji chini, shinikizo la juu linaweza kuusukuma ubongo uteremke kwenye tundu la fuvu. Huyo anapewa dawa kwanza na kupelekwa kwenye mashine ya picha ya CT, ambayo siku hizi hospitali nyingi za rufaa za mikoa zinayo. Jipu hilo mara nyingi lilianza mahali pasipotisha: sikio linalotoa usaha mwaka wa tatu sasa, jino lililooza, mafua ya sinasi yaliyopuuzwa. Mtoto mwenye sikio linalonuka anahitaji daktari wa masikio. Mafuta ya nazi vuguvugu hayafiki kule usaha uliko.

Mgongoni nako usaha unaweza kujikusanya kati ya mfupa na utando unaofunika mshipa mkuu. Mara nyingi anayehusika ni stafilokokasi, yule wa majipu ya ngozi. Mgonjwa anaumwa mgongo sehemu moja maalumu, ana homa, kisha miguu inaanza kuwa mizito na mkojo unakataa kutoka. Dalili hizo za mwisho zikija ni saa za kuhesabu, na huyo anahitaji mpasuaji na wiki kadhaa za dawa. Kifua kikuu cha mgongo kinafanya kazi taratibu zaidi, kinakula pingili mpaka kibiongo kinatokea. Kikiingia kwenye utando wa ubongo kinakuja kwa wiki, si kwa saa: kichwa, kukonda, tabia kubadilika. Maji yake yakiachwa yatulie yanaweza kufanya utando mwembamba juu, na matibabu yake kwa kawaida huchukua miezi 12.

Sijasahau fangasi, ingawa si bakteria. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga imeshuka, kichwa kinamuuma wiki mbili mfululizo. Tone la wino mweusi chini ya darubini linaonyesha kriptokokasi akiwa na duara jeupe kumzunguka, na siku hizi kuna kipimo cha utepe kinachotoa jibu kwa dakika chache. Ugonjwa huu unapandisha shinikizo la maji mpaka macho yanafifia, na sehemu ya tiba ni kuyatoa, tena na tena. Nimeona kijana aliyeingizwa akishika kichwa, akatolewa maji, akaomba uji. Laiti benchi la nje lingekuwepo pale kumwona.

Habari njema zipo, na nyingi zimeletwa na chanjo. Kenya ilianza chanjo ya Hib, yaani Haemophilus wa aina b, mwaka 2001 na ya pneumokokasi 2011. Tanzania ilianza 2009 na mwanzoni mwa 2013. Kilifi wamehesabu magonjwa haya kabla na baada, na aina zinazokingwa na chanjo zilishuka sana. Vijana wanaokuja mafunzoni kwetu wanaweza kumaliza bila kumwona Haemophilus hata mara moja, labda kwenye slaidi ya zamani.

Meningokokasi ndiye wa milipuko. Makao yake ni ukanda wa kutoka Senegali hadi Ethiopia, lakini anasafiri. Mwaka 1987 aliwapata mahujaji Makka, na uzao uleule ukafika Nairobi mwaka 1989 na kuleta mlipuko mkubwa. Kila anayekwenda Hija leo anadaiwa cheti cha chanjo hii, iliyochomwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Historia hiyo ndiyo sababu. Chanjo ya meningokokasi wa kundi A, iliyoanza Burkina Faso mwaka 2010 kwa bei ya chini ya nusu dola, imelifuta kundi hilo karibu kabisa kwenye ukanda. Makundi mengine yamebaki. Mwaka 2021 Banalia, jimbo la Tshopo karibu na Kisangani, nchini Kongo (DRC), zaidi ya watu 200 walikufa, na maji ya wagonjwa yalilazimika kusafiri hadi Taasisi ya Pasteur, Paris, ndipo kundi W likathibitishwa. Mtu wa maabara akisoma hivyo anajua maana ya umbali ule. Mgonjwa akithibitika kuwa na meningokokasi, wanaolala naye nyumba moja hupewa kidonge cha siprofloksasini cha kukinga, mara moja tu. Msisubiri muugue, kiulizieni.

Na mgonjwa akipona? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mmoja kati ya sita hufa na mmoja kati ya watano hubaki na ulemavu mkubwa. Unaojificha zaidi ni uziwi. Mtoto wa mwaka mmoja haongei bado, kwa hiyo hakuna anayegundua. Wakati huo, hasa baada ya pneumokokasi, kile kiungo cha ndani ya sikio kinachopokea sauti huweza kuanza kujaa mfupa. Inashauriwa masikio yapimwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa au ndani ya wiki nne. Hospitali nyingi hazikumbushi, kwa hiyo siku ya kuruhusiwa, kabla hamjaita bajaji, ulizieni ninyi. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Kabla ya hapo watoto walipelekwa India. Lakini kifaa kinahitaji nafasi ya kupita, na mtoto anayeletwa mwaka wa pili, baada ya bibi kugundua kwamba haitiki akiitwa kwa nyuma, anaweza kukuta nafasi hiyo imeshazibwa na mfupa.